Wasifu wa Mama na Bibi: Namna ya Kuukusanya, Kuuandika na Kuuhifadhi

Migombani kote Kilimanjaro, kuanzia Machame hadi Rombo, wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia maziko. Anayeuandika ni mtu aliyechoka kuliko wote nyumbani, kwenye simu, huku nje turubai linafungwa na mtu anauliza kama mchele utatosha. Kinachotoka tunakijua: aya ya kuzaliwa, aya ya ndoa, aya tatu za ugonjwa, idadi ya wajukuu inayobishaniwa papo hapo, kisha Ayubu 1:21. Mama aliyeishi miaka themanini na ushei anasomwa kwa dakika nne, na dakika mbili kati ya hizo yuko wodini.

Kosa si la mwandishi. Familia inailazimisha karatasi moja ifanye kazi mbili: kumtambulisha mama kwa waombolezaji, na kuwaachia wajukuu na vitukuu habari zake. Zitenganishe. Wasifu wa maziko uwe mfupi na usiwe na kosa. Ule mrefu upewe muda, hata mwaka mzima, utolewe kwenye misa au ibada ya kumbukumbu, ambayo familia nyingi za Moshi huipangia Desemba, watu wanapopanda nyumbani kutoka Dar na kwingineko. Familia za Kiislamu, ambako maziko hayasubiri, zinaweza kuacha wa kwanza na kuanza moja kwa moja na ule mrefu.

Kama mama au bibi bado yuko hai, ruka hadi sehemu ya kuwahoji wazee na uanze na yeye mwenyewe. Usingoje Krismasi.

Wasifu wa maziko

Mwandishi awe mmoja. Kamati ya watu saba haiandiki, inabishana. Mpe mwandishi wahakiki wawili: mmoja wa nyumbani kwao mama (kaka, dada, au mtoto wa kaka yake) na mmoja wa ukoo alikoolewa. Huyo wa kwanza ndiye anayesahaulika, na ndiyo maana wasifu mwingi humfanya mama aanze kuishi siku ya harusi yake.

Kabla ya kuandika neno lolote, leteni mezani kitambulisho cha taifa, cheti cha ubatizo na cha ndoa kama vipo, kadi ya kliniki, kadi ya chama cha msingi cha kahawa, kitabu cha VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) na kadi ya usharika au parokia. Mtakuta majina hayafanani. Huku ameandikwa kwa jina la ubatizo na la baba yake, huku kwa jina la mume, huku kwa jina la Kichagga, na sokoni anajulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Chukua jina lililo kwenye kitambulisho na litakalotumika kwenye cheti cha kifo, liandike juu, kisha ongeza mstari mmoja: "aliyejulikana pia kama…". Nusu ya waombolezaji wanamjua kwa hilo la pili tu.

Msomaji asiye na haraka, mbele ya kipaza sauti, husoma takriban maneno 90 hadi 100 kwa dakika. Dakika tano basi ni maneno 450 hadi 500, na wachungaji wengi hawatakupa zaidi ya hizo. Mgawo unaofaa ni huu: majina, wazazi na kuzaliwa maneno 60, utoto na shule 70, ndoa na watoto 80, kazi zake 150, kanisa au msikiti na jamii 60, kuugua na kufariki 40, aliowaacha 40. Sehemu ya kazi ndiyo kubwa kuliko zote, kwa makusudi. Mama aliyelima kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na shamba la tambarare, akakata majani ya ng'ombe kila siku na kuuza ndizi Mbuyuni alikuwa na kazi, hata kama fomu zake zote zimejazwa "mama wa nyumbani".

Ugonjwa usizidi sentensi mbili: lini alianza kuugua, wapi na lini alifariki. Jina la ugonjwa litajwe pale tu watoto wote wanapokubali. Orodha ya hospitali na shukrani kwa madaktari ina mahali pake, kwenye neno la shukrani la familia.

Watoto ndipo panapozuka ugomvi. Kila mtoto wa marehemu aandike kwa mkono wake majina ya watoto wake na wajukuu wake, aikabidhi karatasi hiyo kwa mwandishi kabla ya saa mbili usiku, na baada ya hapo namba isibadilishwe. Waliomtangulia mama watajwe kwa majina, hata aliyefariki mchanga. Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, au aliyelelewa na mama bila kumzaa, aamuliwe na kikao kabla ya kuandika. Kumwacha nje halafu akae mbele ya jeneza akisikiliza orodha isiyo na jina lake ni jeraha ambalo familia hulibeba miaka mingi. Mkishindwa kukubaliana, andikeni "watoto, wajukuu na vitukuu" bila namba. Hakuna atakayelalamika.

Mambo ya mirathi hayaingii humu. Nani kaachiwa kihamba, nani alimtunza zaidi, nani alijenga nyumba: hayo ni ya kikao cha ukoo na muhtasari wake.

Chapisha kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba, na usizibane kwa stapla, kwa sababu ukurasa unaogeuzwa karibu na kipaza sauti hukwaruza masikio ya watu wote. Usisomee kwenye simu: jua la mchana hulifuta andiko kwenye kioo, na simu huita. Msomaji mzuri mara nyingi ni mjukuu mkubwa kuliko mtoto wa marehemu. Nakala ya pili awe nayo mtu aliyekaa mstari wa mbele, ambaye tayari ameisoma kwa sauti mara moja, ili sauti ya wa kwanza ikikatika apokee bila kuitwa.

Kuzitafuta tarehe

Kwa wasifu mrefu, kazi ya kwanza ni miaka. Kitambulisho kikionyesha amezaliwa tarehe 1 Januari au 1 Julai, chukulia kwamba siku hiyo ilikisiwa na huenda hata mwaka wenyewe.

Chanzo bora ni kitabu cha ubatizo. Kwa Wakatoliki kina faida ya ziada: kipaimara na ndoa huandikwa pembeni mwa jina lake kwenye rejista ya parokia alikobatizwa, kwa hiyo ukurasa mmoja unaweza kukupa maisha yake hadi harusi. Tatizo ni kuijua parokia. Parokia nyingi za sasa zilikuwa vigango vya misheni za zamani kama Kilema na Kibosho, na kitabu cha mwaka unaoutaka kinaweza kuwa kwenye parokia mama. Rejista za zamani huenda zikawa za Kilatini, na majina ya Kichagga yameandikwa jinsi mmisionari alivyoyasikia, basi tafuta kwa jina la baba na la mdhamini, si kwa jina lake peke yake. Kwa KKKT, kanisa la Kilutheri, anzia usharika wa nyumbani kwao. Nao umegawanyika mara nyingi, kwa hiyo uliza mtaa huo ulikuwa chini ya usharika gani miaka hiyo. Nenda siku ya kazi, asubuhi, ukiwa na majina ya wazazi wake na mwaka wa kukisia, na umpe karani nafasi ya miaka mitano kila upande. Ukienda Jumapili baada ya ibada hutapata kitu.

Mahali ambapo karatasi hazipo, tumia matukio. Mzee asiyejua mwaka anajua kama alikuwa amebeba mtoto mgongoni au bado anachunga mbuzi. Haya yanafaa kwa watu wa Moshi na Arusha:

1952, Thomas Marealle anatawazwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga.
Desemba 1961, Uhuru, na Mwenge unapandishwa Kibo.
Februari 1967, Azimio la Arusha.
1971, hospitali ya KCMC inafunguliwa.
1973, kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, vijiji vinachimba vyoo.
1976, serikali inavunja vyama vya ushirika, na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro kilichoanza 1933, kinaondolewa kwa miaka kadhaa.
Oktoba 1978 hadi 1979, Vita ya Kagera.
Aprili 1984, kifo cha Sokoine.
Oktoba 1999, kifo cha Mwalimu Nyerere.

Uliza hivi: "Uhuru ulipofika, mama alikuwa ameshaolewa?" Kisha: "Mtoto gani alikuwa tumboni?" Maswali matatu ya namna hiyo yanakupunguzia nafasi ya makosa kutoka miaka kumi hadi miwili. Baada ya mwaka, tafuta msimu: masika, vuli, au wakati wa kuchuma kahawa, ambao mlimani huanza katikati ya mwaka na kwenda hadi kuelekea Krismasi.

Mwishoni chora mstari mmoja wa miaka kwenye karatasi ndefu, weka kila jambo mahali pake, ukague hesabu. Mtoto wa kwanza kazaliwa mama akiwa na miaka kumi na mmoja? Basi mwaka wa kuzaliwa kwa mama si sahihi. Watoto wawili wamepishana miezi mitano? Mmoja tarehe yake iliandikwa siku ya ubatizo. Penye shaka andika "takriban 1943", usione aibu. Tarehe kamili iliyobuniwa ni mbaya kuliko takriban ya kweli, kwa sababu vitukuu wataiamini.

Kuwahoji waliomjua

Watoto wa marehemu ndio mashahidi wa mwisho, si wa kwanza. Wao walimjua akiwa mama tu. Anza na wenye umri mkubwa, kwa sababu inayoeleweka: ndugu zake wa kuzaliwa, wanawake walioolewa ukoo ule miaka ileile, jirani wa mpaka mmoja wa kihamba, mwenzake wa jumuiya au wa kwaya, mwanachama wa kikundi chake, na yule aliyekuwa akipanga naye ndizi sokoni. Watu sita hadi wanane wanatosha.

Nenda asubuhi, kama saa nne, wakati wazee wamekunywa chai na hawajachoka. Beba sukari kilo mbili na majani ya chai. Mkono mtupu haufungui maneno. Amkia, kaa, zungumza habari za mvua na ng'ombe, na simu ibaki mfukoni. Ukishakaribishwa ndipo useme: "Shikamoo tena bibi, ninaandika habari za mama ili watoto wasizisahau. Naomba nirekodi sauti yako, na usilotaka liandikwe uniambie." Ombi hilo na jibu lake virekodiwe pia.

Simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hivi kutoka mdomoni. Ukiiweka moja kwa moja juu ya meza ya mbao, kila kikombe kitakachowekwa kitasikika kama mlango unaobamizwa. Epuka chumba cha bati kisicho na dari siku ya mvua. Machi hadi Mei hutasikia neno. Zima redio, kwa adabu. Rekodi sekunde 30, sikiliza, ndipo uendelee. Sauti ya kiwango cha kawaida hula kama megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo nafasi si tatizo, chaji ndiyo tatizo. Dakika 40 kwa kikao zinatosha. Zaidi ya hapo mzee anajibu ili umwachie apumzike.

Mhoji kila mtu peke yake. Ukiwakusanya wanne sebuleni, baada ya dakika kumi wana hadithi moja, ya yule mwenye sauti kubwa, na mara nyingi ni mzee wa kiume anayejibu mambo ya jikoni ambayo hajawahi kuyaona. Na lugha iwe ile anayoiota. Bibi anayeongea Kivunjo, lahaja ya Kichagga, akilazimishwa Kiswahili atakupa hotuba. Akiongea Kivunjo atakupa habari. Kama hukielewi vizuri, nenda na mtu anayekielewa, na tafsiri ifanyike baadaye, si pale pale.

Swali la "maisha yake yalikuwaje?" lina jibu moja tu: "Alikuwa mama mzuri sana." Jaribu haya:

– Siku ya soko aliamka saa ngapi, akabeba nini, akapita njia ipi, akarudi na nini?
– Alipoletwa hapa kama bi harusi, alikuta nyumba ya namna gani? Maji aliyachota wapi, kwenye mfereji upi?
– Fedha ya kwanza iliyokuwa yake mwenyewe aliipata kwa kuuza nini?
– Ada ya mtoto wa kwanza kwenda sekondari ilitoka wapi?
– Alikuwa akigombana na watu kwa jambo gani hasa?
– Nani alikuwa akimwendea kwa siri anapokwama?
– Alipenda chakula gani ambacho wengine nyumbani hawakukipenda?
– Alikuwa akisema neno gani kila mara? Litamke kama yeye alivyolitamka.

Swali la ugomvi liulize katikati, usilianze na usilimalizie. Ndilo linalomrudisha mtu halisi. Mwanamke aliyekuwa hagombani na yeyote, hata kwa kuku waliovuka mpaka, si mwanamke ambaye wajukuu wake wataamini alikuwepo.

Kuandika neno kwa neno saa moja ya maongezi kunakula saa nne hadi sita, na hapo ndipo miradi mingi ya familia hufia. Fanya hivi: sikiliza mara moja ukiwa na daftari, andika dakika na mada tu ("12:40, mbege ya kuuza, 19:05, kifo cha pacha"), kisha nakili kwa ukamilifu vipande vile utakavyovitumia. Maelezo mawili yakigongana, usiwapatanishe kwa nguvu. "Dada yake anasema aliacha shule kwa sababu ya ada; shoga yake anasema aliitwa kulea wadogo zake." Viache vyote viwili.

Mapishi na mikono yake

Sehemu hii hurukwa, na ndiyo inayoombwa sana baadaye. Mtafute binti au mkamwana aliyejifunzia jikoni kwake, apike kama yeye, na wewe upime. Bibi alipima kwa kata, kisado na macho. Weka bakuli kwenye mizani kabla ya ndizi kuingia sufuriani, na tena kabla ya nyama. Kwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, andika aina ya ndizi, zilimenywa kwa kisu au kwa mkono, nyama yenye mfupa ilichemka muda gani kabla ndizi hazijaingia, kitunguu kiliingia lini, na ulipondwa mpaka uwe mzito kiasi gani. Kama alipika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, andika siku: ndizi mbivu zilichemshwa lini, zilikaa siku ngapi, kimea cha ulezi kiliandaliwaje, msesewe (gome chungu la mti) uliwekwa kiasi gani. Kwa mbege tofauti ya siku moja ni kinywaji kingine kabisa, kwa hiyo "siku chache" si maelezo.

Piga picha mikono ya anayepika kila hatua. Usimpige yeye akitabasamu kwa kamera. Unataka kuona namna kisu kilivyoshikwa.

Picha za zamani

Zitaletwa zikiwa ndani ya Biblia, chini ya godoro, na kwenye albamu zenye karatasi ya gundi. Zile za gundi usizing'oe kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, polepole, kama unakata. Ikigoma iache, uipige picha ikiwa humo humo.

Skana ya steshenari, ikiwekwa nukta 600 kwa inchi, inatosha kwa picha ndogo za pasipoti na za studio. Waambie namba hiyo kwa mdomo, maana bila kuambiwa wengi huacha 200 au 300, na picha ya sentimita sita haitakuzwa bila kuwa ukungu. Kwa simu, weka picha karibu na dirisha lenye kivuli, zima mwanga wa kamera, simu iwe sambamba kabisa na karatasi. Usitumie kichujio chochote cha kung'arisha. Zile programu zinazopaka rangi picha za zamani hubuni rangi ya kitenge, na baada ya miaka kumi hakuna atakayejua ilikuwa ya kubuni.

Picha ikitumwa WhatsApp kama picha, hupunguzwa. Itume kama faili, kwa njia ya hati. Hili liandikwe kwenye kundi la familia kwa herufi kubwa, kisha lirudiwe, kwa sababu bado watatuma kama picha.

Nyuma ya picha halisi andika kwa penseli laini: nani, kutoka kushoto kwenda kulia, wapi, mwaka. Kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele. Faili nazo zipewe majina yanayojipanga: 1968_harusi_Kibosho_01, si "picha ya mama mpya 2". Asiyetambulika aandikwe "hajatambuliwa", kisha picha hiyo ipelekwe kwa wale wazee uliowahoji. Picha humfungulia mzee mlango ambao maswali yalishindwa kuufungua.

Kuandika kwenyewe

Lenga maneno 3,000 hadi 5,000. Futa kwanza sifa: mchapakazi, mkarimu, mcha Mungu, mwenye upendo. Si kwamba ni uongo. Zinamfaa kila mama wa kila wasifu, kwa hiyo hazimwonyeshi wa kwenu. Mahali pa kila sifa weka jambo alilolifanya. Badala ya "alikuwa mkarimu", andika kwamba sufuria yake ya makande ilipikwa kwa watu watatu zaidi ya waliokuwepo, na mpita njia wa saa saba mchana aliitwa kwa jina. Badala ya "alijitoa kwa ajili ya elimu ya watoto", andika ng'ombe gani aliuzwa, mwaka gani, na ada hiyo ilikuwa ya nani.

Panga kwa miaka hadi ndoa, kisha achana na miaka na panga kwa mahali: jikoni, kihamba, soko, kanisa, kikundi. Maisha ya mwanamke mzima wa migombani hayakwenda kwa mstari. Alifanya yote kila siku kwa miaka hamsini, na mpangilio wa miaka utakufanya uruke kutoka mtoto wa nane hadi kustaafu kwa mume wake.

Kuna mambo matatu yanayohitaji uamuzi. Watoto waliofariki wachanga: waandike, kwa majina kama walipewa. Kipigo au taabu ya ndoa: iandikwe pale tu watoto wote walio hai wanapokubali, na kwa maneno machache yasiyopamba wala kuficha. Ugomvi wa mpaka wa shamba: uache nje kabisa, kwa sababu kijitabu chenu kinaweza siku moja kuwekwa mezani kwenye baraza la ardhi, na hukuandika ili uwe shahidi.

Neno la Kichagga alilozoea kulitumia libaki Kichagga, na maana yake ifuate kwenye sentensi hiyo hiyo. Mtu wa Kibosho na wa Mwika hawatamki sawa, kwa hiyo taja ni lahaja ipi.

Rasimu ikiisha, isomwe kwa sauti mbele ya wale wahakiki wawili. Wanaruhusiwa kusahihisha majina, tarehe na mambo. Hawaruhusiwi kuongeza sifa.

Kijitabu

Ukubwa wa A5, yaani A4 iliyokunjwa katikati, ndio rahisi kwa steshenari yoyote ya Moshi au Arusha. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne: 16, 20, 24. Ukipeleka kurasa 18 utapewa mbili tupu mwishoni au utabanwa maandishi. Herufi za ukubwa wa 12 zisipungue, wasomaji wenu wengi wana miwani. Picha ya ukurasa mzima inahitaji kama pikseli 1750 kwa 2480; ya nusu ukurasa, nusu ya hizo kwa urefu.

Peleka faili la pdf, usipeleke la kuandikia, kwa sababu kompyuta ya dukani isiyo na aina yako ya herufi itazibadili na kurasa zote zitahama. Omba nakala moja ya majaribio, kaa nayo usiku mmoja, mpe mtu ambaye hajawahi kuiona akague majina tu. Baada ya hapo ndipo uchapishe. Na nenda mwanzoni mwa Desemba au kabla. Wiki ya Krismasi foleni ya kadi na kalenda huwa ndefu, na mashine zimechoka.

Idadi ya nakala: moja kwa kila kaya ya watoto na wajukuu, moja kwa kila aliyehojiwa, mbili za nyumbani kwao mama, moja ya parokia au usharika, na kumi za akiba. Kurasa mbili za mwisho ziachwe na mistari mitupu, kila kaya ijaze majina ya watakaozaliwa.

Maandishi ya kaburini

Usijengee kaburi ndani ya miezi ya mwanzo. Udongo uliorudishwa hushuka, hasa baada ya masika, na zege lililowahi hupasuka katikati. Pitisha angalau msimu mmoja wa mvua kubwa, na msingi uukalishe kwenye udongo ambao haukuchimbwa, nje ya kingo za shimo. Kwa bamba la juu la mita 2.2 kwa 1.2, unene wa sentimita 10, mifuko miwili ya saruji inatosha kwa uwiano wa 1:2:4. Kila mfuko huenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto, kwa ndoo za lita 20. Limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba. Fundi atasema tatu zinatosha, mwagilieni saba.

Maandishi mpe mchongaji yakiwa yamechapwa, si kwa mwandiko wa mkono wala kwa simu ya mdomo, na mtu asaini karatasi hiyo. Jina na miaka vifuate cheti cha kifo. Kama mwaka wa kuzaliwa ni wa kukisia, jiwe liandikwe mwaka huo bila tarehe na mwezi.

Nakala

Sauti, picha na maandishi viwe na nakala tatu, za aina mbili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa mfano: diski ya nje Moshi, flashi kwa ndugu aliye Arusha au Dar, na nakala ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo nywila yake wanaijua watu wawili. Flashi peke yake haitoshi. Hufa ghafla, bila kuonya, na hupotea kwenye mifuko ya suruali. Kila Desemba mtu mmoja, kwa jina, afungue faili tano za kubahatisha aone kama zinafunguka, na anakili upya zote kila baada ya miaka mitano. Rekodi za sauti ziachwe kama zilivyo, bila kukatwa. Kukohoa, jogoo, na bibi akimwambia mtu aondoe sufuria motoni: vyote vibaki humo.